Subiri, Mbwa wa Dobi

Nikimwona mtu barabarani anamvuta kwa mnyororo mbwa mchungaji mweupe, yule mwenye masikio ya kusimama na mkia kama ufagio, halafu nimsikie akijisifu kwa wenzake kwamba amepata mlinzi, huwa nacheka peke yangu. Natamani nimwite pembeni nimwambie: ndugu yangu, umepata kitu kizuri, ila hujui umepata nini. Mlinzi ni mlinzi na mchungaji ni mchungaji. Sisi nyumbani tulijifunza tofauti hiyo kwa kuibiwa mashuka.

Baba yangu alikuwa dobi. Si dobi wa beseni moja na kipande cha sabuni, la, dobi mwenye duka. Chumba cha mbele kilitazama barabara, kikiwa na meza ndefu ya pasi, rafu za nguo zilizokunjwa na benchi la wateja ubavuni mwa ukuta. Nyuma ya pazia kulikuwa na ujia mwembamba, vyumba vyetu viwili, na mwisho wake ua wa saruji wenye bomba, mabeseni na kamba za nguo zilizokatiza huku na huku mpaka mgeni akiingia alilazimika kuinama. Mama alifua uani. Kaka yangu alianika na kuanua. Mimi nikitoka shule nilikunja, na kushikiza vikaratasi vya majina kwa pini. Baba alipiga pasi. Hadi leo nikipita mahali nikasikia harufu ya nguo yenye wanga inayopigwa pasi ya moto, miguu hutaka yenyewe kugeuka iende nyumbani. Nyumbani penyewe hapapo tena. Pale dukani sasa wanauza vioo vya simu, na kijana anayeviuza hata hajui kwa nini sakafu imechakaa mstari mmoja kutoka mlangoni hadi uani.

Nitasema ilikuwaje.

Wezi wa nguo walikuwa wametuzoea. Walikuwa wakiruka ukuta mdogo wa nyuma, wanachomoa walichotaka kwenye kamba, na baba anabaki kumwomba radhi mteja ambaye shuka lake limekwenda kulala kwingine. Akasema anataka mbwa mkali. Bahati ikatokea, mteja wetu mmoja, mpima ardhi, alikuwa anahamia nchi ya mbali na hakuweza kwenda na mbwa wake, dume la mwaka mmoja hivi.

"Ni mbwa mchungaji," yule mpima ardhi alimwambia.

Baba alilisikia neno mchungaji kama jina tu. Macho yake yalikuwa kwenye ule weupe. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia watu kwamba hakuna nyeupe isiyoweza kurudi, akutane na mnyama aliyezaliwa hivyo bila sabuni! Alirudi naye akiwa amenyoosha kifua kama aliyeoa upya.

"Mnamwona? Mbwa mchungaji," akatutangazia.

"Mchungaji?" mama alisema huku akikamua shati. "Basi Jumapili tutahubiriwa hapahapa."

Kaka na mimi tulicheka hadi tukakaa chini. Mbwa naye akaja, akatuzunguka, akatunusa mmoja mmoja, akaenda kwa mama, akarudi kwa baba, akatuzunguka tena. Tulidhani anatafuta chakula.

Sasa, lazima niseme jambo kuhusu baba na neno lake. Alikuwa mtu mwema, hakutupiga, hakunywa, hakuwahi kumpandishia mama sauti. Lakini alikuwa na neno moja, nalo ni subiri. Baba, chakula tayari. Subiri, namalizia kola hii. Baba, mama anakuita. Subiri, pasi imepata moto sasa hivi. Sahani yake ililetwa mbele ikawekwa kwenye ncha ya meza ya pasi, akala amesimama, mkono mmoja kijiko na mwingine pasi. Sisi tulikula uani. Sikumbuki kumwona baba amekaa na sisi kwenye ile meza yetu ndogo ya mbao, ambayo kiti chake kilitumika kuwekea kikapu cha vibanio. Ukimlaumu anakwambia subira huvuta heri.

"Jina nitampa mimi," mama alisema jioni ile, akimkuna mbwa nyuma ya masikio. "Anaitwa Subiri."

"Jina gani hilo la mbwa?" baba akauliza.

"Si ndilo unalolipenda? Miaka yote hii nikikuita unaniambia subiri. Sasa ukilitamka, angalau kuna mmoja atakayekuja."

Baba mwenyewe alicheka, kwa sababu alijua amepatikana. Mimi sikucheka sana. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia mama akizungumza na mjomba, kaka yake, aliyekuja kututembelea. Walidhani nimelala. "Nimechoka kuishi na mgongo wa mtu," mama alimwambia. "Siku moja nitakuja kwako, na usiniulize nitarudi lini." Tangu siku hiyo nilikuwa nikitoka shule, kitu cha kwanza ni kuchungulia uani kama mama yupo. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu, sikuwa na nyingine.

Basi, jina likawa balaa. Hebu fikiria mbwa anayeitwa Subiri katika duka la dobi. Mteja anaingia, baba anasema, "Subiri kidogo, mama, nguo yako iko hapa," na mbwa anatoka mbio uani, anapita chini ya pazia, anakuja kusimama mbele ya mteja akimtazama usoni. Mteja anarudi nyuma. Mbwa anasogea. Mteja anarudi tena, na kabla hajajua kilichotokea amekwishaketi kwenye benchi. Wakiwa wawili, watatu, aliwakusanya wote pale ukutani, wakabanana kama wanaopigwa picha. Hakung'ata mtu. Hakubweka. Aliwasukuma kwa kifua na pua tu, kwa adabu, na akitokea mmoja kuinuka kabla ya wenzake, alimrudisha. Mwalimu mkuu wa shule yangu, mtu ambaye tulikuwa tukisikia kikohozi chake tunajificha, alikalishwa na mbwa wetu akiwa na kofia mkononi, na hakuthubutu kuinuka mpaka suruali yake ilipokunjwa. Kesho yake shuleni nilitembea kifua mbele.

Manyoya nayo! Usimpende mbwa mweupe kama kazi yako ni suti nyeusi. Kaka alikuwa akishinda na brashi mkononi, akisugua mabega ya makoti, akinung'unika kwamba tungeshona mbwa wa pili kwa yale yaliyodondoka.

Na baba, akiwa ni dobi, akafanya kosa ambalo ni dobi tu angeweza kulifanya. Aliona mbwa ameanza kuwa na rangi ya maziwa, si nyeupe kamili tena. Kwa mujibu wa elimu yake, nyeupe iliyochoka dawa yake ni buluu ya kufulia. Akakoroga buluu kwenye beseni kubwa, kama ya mashuka ya hoteli, akamtosa mbwa, akamsuuza na kumwanika juani. Alipokauka alikuwa na rangi ya anga la asubuhi. Watoto wa mtaa walifurika kwenye ukuta wetu kumtazama. Mama alicheka hadi akashika mbavu, halafu akalazimika kukaa, halafu akamwambia baba, "Bado wanga, baba watoto. Mtie na wanga, masikio yasimame vizuri." Nakumbuka baba naye alikuwa amekuja uani siku hiyo kwa ajili ya lile beseni, na kwa muda mfupi tulikuwa wote wanne pale juani, tukicheka, na mbwa wa buluu amelala katikati. Hakuna aliyetilia maanani kwamba amelala.

Mwizi alirudi. Alikuja mchana kweupe, mama yuko bombani, mimi nakunja, mbwa amejinyoosha karibu na miguu ya mama macho wazi. Jamaa akaruka ukuta, akachomoa mashuka ya nyumba ya wageni, akayakunja kabisa, maana hata wezi wana ustaarabu wao, na mbwa akamtazama mwanzo hadi mwisho kama anayetazama mpita njia. Kaka akatokea, akapiga kelele, akatimka kumfukuza. Hapo ndipo Subiri alipoamka! Aliruka, akamshika kaka pindo la suruali, akamvuta nyuma. Kaka anavuta huku, mbwa anavuta kule, suruali inalia, na mwizi juu ya ukuta amesimama anaangalia kama aliyelipa kiingilio. Kisha akatokomea.

Baba alikasirika nikaogopa. "Mbwa gani huyu? Anamwachia mwizi, anamkamata mwenye mali!"

"Labda ameona suruali ya kaka nayo ya wizi," nikasema, na nikaambiwa nifunge mdomo.

Baada ya hapo mbwa akaanza kukonda. Chakula alipewa, alikula kidogo akakiacha. Kutwa nzima alikuwa njiani: anatoka uani, anapita kwenye ujia, anachungulia chini ya pazia kumwona baba, anarudi uani kumwona mama, anamtafuta kaka kwenye kamba, ananitafuta mimi chumbani, anarudi mbele tena. Akijilaza hazipiti dakika anainuka. Kucha zake zilikwaruza sakafu hadi pakatokea mstari mweupe. Macho yalimlegea. Baba alisema ni minyoo. Daktari wa mifugo akaja, akampapasa tumbo, akamfungua mdomo, akasema mbwa ni mzima, na akaondoka na manyoya kwenye suruali.

"Mzima, na anakwisha," mama alisema. Alikuwa akimfuatilia kwa macho kila alipopita, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho mimi wakati huo sikukijua.

Halafu umeme ukakatika. Ilikuwa msimu wa sare za shule, rafu zimejaa, na pasi ikapoa mkononi mwa baba. Pasi ya mkaa alikwishaigawa zamani akisema ni ya kizee. Alisimama pale mbele ya meza akiigonga, akazima na kuwasha ukutani, akatoka barabarani kuuliza majirani, akarudi. Mikono yake ilikosa pa kwenda. Mwishowe akaja uani. Mama alikuwa anapakua chakula cha mchana. Akaondoa kikapu cha vibanio kwenye kiti, akakifuta kwa kiganja. Baba akakaa.

Mbwa alisimama. Akaizunguka meza mara moja, polepole, akimgusa kila mmoja goti kwa pua: mama, kaka, mimi, baba. Halafu akaangusha mwili wake wote sakafuni, puu, akalala. Si kulala kwa kusinzia. Alikoroma. Miguu ilimtetemeka, mdomo ukafunguka, na nzi akitua juu ya pua yake hakumsikia.

Mama alishikilia upawa hewani. "Mtazameni," alinong'ona.

Tukamtazama.

"Nilipokuwa msichana nilichunga mbuzi wa baba yangu," mama alisema. "Mbuzi wakitawanyika, mmoja kichakani, mwingine kwenye shamba la watu, hulali. Hata ukae kivulini, roho inazunguka nao. Wakijikusanya wote ukawaona, unaweza kulala juu ya mawe. Huyu si mgonjwa. Tulimwambia alinde nguo, nguo zinamhusu nini? Yeye ana kundi lake. Kundi lake ni sisi."

"Ndiyo maana alinishika suruali!" kaka alisema. "Alidhani napotea!"

"Na wateja je?" nikauliza.

"Aliwaona wametapakaa tu mle dukani," mama akajibu. "Ikamuuma, akawapanga."

Tulicheka kwa sauti ya chini tusimwamshe. Baba pia alicheka, na nilimwona akimtazama yule mbwa kwa namna mpya. Chakula kilikuwa kitamu siku hiyo. Sikumbuki kilikuwa nini, nakumbuka tu kwamba baba aliomba aongezewe, na akatuhadithia jinsi alivyojifunza kazi kwa dobi mmoja mzee aliyekuwa akipima joto la pasi kwa kuitemea mate. Kumbe baba alijua kuhadithia! Nilikuwa na umri ule wote na sikuwahi kujua.

Umeme ukarudi. Kule mbele tukasikia redio ikianza kuimba peke yake. Baba akasukuma kiti.

"Kuna sare pale," alisema, na akaenda.

Mbwa alifungua jicho moja. Akajiinua, kwanza mbele kisha nyuma, kama mzee, akamfuata kwenye ujia. Baada ya muda akarudi kutuangalia. Akaenda tena.

Mama alikwenda mpaka kwenye pazia. Sisi tulibaki mezani, lakini tulisikia kila kitu. Alisema taratibu, hakuwa na hasira. "Mbwa amechoka kutukusanya, baba watoto. Na mimi pia. Nakuomba mlo mmoja kwa siku. Uzime pasi, ukae na sisi, basi. Sitakuomba kingine."

Nilishika ukingo wa meza. Nilimwomba Mungu baba aseme sawa. Neno dogo, sawa.

"Subiri msimu wa sare upite," baba alisema. Na kana kwamba hiyo haitoshi, akaongeza, "Subira huvuta heri, mama watoto."

"Nimeivuta hiyo heri mpaka kamba imenikatikia mkononi," mama alisema.

Kesho yake alifua kama kawaida. Alianika mwenyewe shuka la mwisho, akalinyoosha pembe zote, akanawa mikono. Aliingia chumbani akatoka na mkoba. Alinishika shavu. Alimwambia kaka awe ananisaidia masomo. Kisha akapita katikati ya duka, mbele ya meza ya pasi, kuelekea barabarani.

Baba akainua uso. Aliuona mkoba. Na katika maneno yote ambayo Mungu amewapa watu, moja tu ndilo lililomtoka.

"Subiri!"

Mbwa akatoka mbio nyuma, akapita chini ya pazia, akaja kusimama mbele ya baba akitikisa mkia.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka akawatazama wote wawili. "Uliyemwita amekuja," alisema, akaenda zake.

Sijawahi kumwona mtu amesimama vile. Mbwa alikimbilia mlangoni, kaka akamdaka shingoni asiingie barabarani, naye akalia sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Mimi nililia kwa sauti nene.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kaka alifua, na mashuka yalitoka na madoa yaleyale yaliyoingia nayo. Baba alipiga pasi hadi usiku. Sahani yake nilimpelekea mimi, akala nusu, akasema ameshiba. Kisha akaunguza shati. Baba! Shati jeupe la mwalimu mkuu, mgongoni, umbo zima la pasi la rangi ya chai. Alikuwa amesimama ameiacha pasi pale, anaangalia barabarani. Harufu ndiyo iliyomwamsha. Alilikunja lile shati kwa uangalifu kama zima, akaliweka chini ya meza.

Mbwa naye hakukata tamaa na sisi tuliobaki. Alitusukuma. Alinitoa mimi chumbani, akamtoa kaka kwenye mabeseni, akatuleta mpaka mbele na kutubana kwenye meza ya pasi alipo baba. Baba akimwambia toka, alitoka, akaanza upya.

Alasiri moja baba aliacha kupiga pasi, akaja uani mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha mama cha kufulia. Tukasogea tukakaa karibu naye. Subiri akatuzunguka. Akatugusa magoti. Akasita. Akaenda chumbani kwa mama, akarudi. Akaenda bombani, akanusa beseni, akarudi. Akatuzunguka tena. Akakunja miguu ya nyuma kama anayetaka kulala, kisha akainuka.

"Mbona halali?" kaka alisema. "Tumekaa pamoja."

Baba alimtazama mbwa akienda na kurudi, akienda na kurudi, kwa muda mrefu sana, na mimi nilimtazama baba. Nilimpenda mno wakati ule, na nilimkasirikia mno, yote kwa pamoja. Hisia hizo mbili sijaweza kuzitenganisha hata leo ambapo yeye hayupo.

Akainuka. Akaenda mbele, akachomoa pasi ukutani.

"Baki dukani," alimwambia kaka. "Kuna watu watakuja kuchukua sare. Mimi na dada yako tunakwenda kwa mjomba."

Tukatoka, na mbwa kwenye kamba. Hatukufika mbali. Subiri aliketi katikati ya njia, akageuza kichwa kumtazama kaka aliyekuwa mlangoni, na hakutaka kusogea. Baba alimvuta. Alimbembeleza. Mbwa akajikwamua, akarudi mbio, akamshika kaka pindo la suruali na kumvuta nje ya duka mpaka tulipokuwa.

Baba alisimama barabarani akilitazama duka lake, rafu zimejaa, mteja mmoja tayari anavuka barabara na kifurushi. Nilidhani nalijua neno atakalosema. Hakulisema. Alirudi, akafunga dirisha, akafunga mlango kwa kufuli. "Tumefunga leo," alimwambia yule mteja, na yule mtu akabaki amefungua mdomo, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo kwa baba yangu.

Tulitembea wote watatu, mbwa akituzunguka tusipitane. Kwa mjomba kulikuwa upande wa pili wa mji. Jasho lilimtiririka baba, na bado alikuwa na ndala zake za dukani na vipande vya uzi kwenye fulana.

Mjomba alitupokea sebuleni. Aliketi wima, kama mwenye dada. Mkewe alituletea maji, akasimama karibu na pazia la chumba cha ndani. Pazia lilikuwa halitikisiki.

"Karibu, shemeji," mjomba alisema. "Sema lililokuleta."

Baba aliyapapasa magoti yake. Alitazama sakafu. Niliona anavyolitafuta neno, anavyoliokota moja na kulitupa.

"Mbwa halali," alisema.

Mjomba alimtazama, kisha akamtazama mbwa, ambaye kwa kweli alikuwa anazunguka sebule nzima akinusa miguu ya viti. "Shemeji, umefunga duka, umeleta watoto na jua lote hili, uje uniambie habari za mbwa?"

Baba alichomoa kipande cha uzi kwenye fulana yake. Kaka aliinamisha kichwa kwa aibu.

Ndipo sauti ya mama ilipotoka nyuma ya pazia, tulivu kabisa.

"Mbwa halali, nimesikia. Na mwenye mbwa je?"

Baba aliinua uso akalitazama lile pazia. Mikono yake, ile mikubwa iliyoungua vidoleni, ilikuwa imelala mapajani haina kitu.

"Na mimi silali," alisema. "Silali, mama watoto. Nimeunguza shati. Nimefunga duka. Twende tukale."

Pazia likasogea. Mama alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, mkoba umefungwa juu ya mapaja, viatu miguuni. Subiri alipita katikati yetu, akamgusa goti, akaanguka sakafuni mbele yake, puu.

"Umevaa viatu saa ngapi wewe?" mjomba alimuuliza kwa mshangao. "Si sasa hivi tu ndio wameingia?"

Mama alikuwa anafuta macho. Mke wa mjomba ndiye aliyejibu.

"Huvivaa kila siku akishamaliza kufagia," alisema. "Anavivaa, anakaa."